Nyongeza ya nani? Rangi na udahili wa vyuo Marekani

Kila Novemba meza ya jikoni kwangu, hapa Houston, hugeuka ofisi. Wazazi huja jioni wakitoka kazini, wengine bado na sare za hospitali, mtoto wa mwaka wa mwisho wa sekondari akiwafuata nyuma na kompyuta kwapani. Kazi yangu ni kuwashika mkono katika maombi ya vyuo vikuu. Kabla ya hapo nilikaa miaka sita upande wa pili wa meza, katika ofisi ya udahili ya chuo kimoja binafsi ambacho sitakitaja, nikisoma mafaili ya watoto wa watu na kuyapa alama.

Msimu mmoja, kabla ya Mahakama ya Juu kuvikataza vyuo kuihesabu rangi mwaka 2023, nilipokea familia tatu ndani ya wiki moja. Ya kwanza ni watu wa Moshi, baba na mama wote wauguzi. Ya pili ni watu wa Mombasa, Mji wa Kale, na upande wa baba nasaba yao ni ya Oman. Ya tatu ni Wahindi wa Upanga, Dar es Salaam, kizazi cha nne, Kiswahili chao kimenyooka kuliko changu. Watoto wote watatu walikwama kwenye swali lile lile la fomu: rangi na asili yako. Mama wa Mombasa akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu aweke tiki wapi hapa?"

Nikamfafanulia maelezo ya serikali ya shirikisho yaliyokuwa yakitumika tangu 1997. Mweusi ni mwenye asili katika makundi ya watu weusi wa Afrika. Mweupe ni mwenye asili ya Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini. Mwenye asili ya Bara Hindi anaingia kwa Waasia. Basi kijana wa Moshi ni mweusi, wa Upanga ni Mwasia, na binti wa Mombasa, ukifuata upande wa baba, ni mzungu. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mzungu! Bibi yake asisikie." Binti mwenyewe hakucheka. Alitaka kujua kama kisanduku hicho kingemsaidia au kingemuumiza, maana shuleni wenzake walikuwa wameshamwambia kwamba visanduku havina uzito sawa.

Wenzake walisema kweli, na uzito huo ndio Wamarekani walioupigania mahakamani kwa karibu miaka 50. (Machi 2024 serikali iliongeza kisanduku cha Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, kwa hiyo uzungu wa watu wa Mji wa Kale haukudumu.)

Kwanza tusemezane kuhusu jina. Kwa Kiswahili wengi huliita jambo hili, chuo kumpa mwombaji uzito zaidi kwa sababu ya rangi yake, upendeleo maalumu, na Watanzania tuna viti maalumu bungeni kwa hoja ya aina hiyo hiyo. Neno upendeleo linanikera kidogo kwa sababu limeshatoa hukumu kabla ya kesi. Ukilitamka, msikilizaji anamuona mjomba aliyempigia simu bosi. Sokoni kuna neno linalonifaa zaidi: nyongeza. Umenunua fungu la nyanya, muuzaji anatupia mbili juu. Pengine wewe ni mteja wa siku nyingi, pengine fungu lenyewe lilikuwa na nyanya zilizobonyea, pengine amekuonea huruma tu kwa kuwa umembeba mtoto. Ukitaka kuelewa ugomvi wa Marekani, uliza maswali ambayo mteja wa nyuma yako angeuliza. Ametupiwa ngapi? Kwa sababu gani? Na mbona mimi sikuona wakati anatupiwa?

Hilo la mwisho ndilo ninaloliandikia leo. Kwa nilivyoiona kazi hii kutoka ndani, sheria ya Marekani ilivumilia nyongeza ya rangi kwa muda wote ambao hakuna aliyeweza kuihesabu. Kila ilipotajwa kwa tarakimu, ilipigwa marufuku.

Aliyesoma nyumbani inabidi kwanza ausahau mfumo wetu. Kwetu matokeo yakitoka, pointi zako zinajulikana, kiwango cha kozi kinajulikana, na anayelalamika analalamikia pointi. Vyuo vya Marekani vinavyogombewa havina kiwango hicho. Katika kesi dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard, nitakayoieleza mbele, ilionekana kwamba kwa darasa la kuhitimu 2019, waombaji wa ndani ya nchi zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa alama, na nafasi hazifiki 2,000. Alama za darasani zinakufikisha mlangoni tu. Baada ya hapo wanaanza kuangalia insha, barua za walimu, michezo, ulitoka shule gani, baba yako alisoma wapi. Wenyewe wanasema wanamtazama mtoto mzima. Ni kweli wanamtazama. Anachoona kila msomaji ni habari nyingine.

Nyongeza ya rangi ilianza na sababu iliyo wazi kabisa. John F. Kennedy alitia saini amri ya rais mwaka 1961 iliyowataka wakandarasi wa serikali wachukue hatua za makusudi ili watu wasibaguliwe kazini. Miaka minne baadaye, Juni 1965, Lyndon Johnson alisimama mbele ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Howard akaeleza kwamba mtu aliyefungwa minyororo miaka na miaka huwezi kumfungua, ukamleta kwenye mstari wa kuanzia mbio, ukamwambia haya, shindana na wenzako, kisha ukajiona umetenda haki. Hoja ilikuwa ya deni: kuna watu walizuiwa, na waliowazuia wanajulikana.

Vyuo vikaanza. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha California huko Davis ikatenga nafasi 16 kati ya 100 kwa ajili ya makundi yaliyoachwa nyuma. Mhandisi mmoja mzungu, Allan Bakke, aliomba 1973 na 1974, akakataliwa mara zote mbili, akaenda mahakamani. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iligawanyika vibaya: majaji wanne huku, wanne kule, na Jaji Lewis Powell peke yake katikati. Powell alisema nafasi 16 zilizotengwa ni mgawo, na mgawo ni haramu. Ila chuo kinaweza kuitazama rangi kama jambo moja kati ya mengi, na akasifu utaratibu wa Harvard uliokuwa unafanya hivyo. Bakke akaingia Davis, akamaliza 1982, akawa daktari wa usingizi.

Watu wengi hukumbuka kwamba Powell aliuua mgawo. Mimi naona alifanya jambo kubwa zaidi, na ndilo lililotuletea utata wote uliofuata: alibadilisha sababu. Deni la historia, alisema, haliwezi kuwa msingi wa chuo kumpa mtu nafasi. Sababu inayokubalika ni kwamba darasa lenye watu wa aina mbalimbali linawanufaisha wanafunzi wote. Tangu siku hiyo nyongeza haikuwa tena fidia ya aliyefungwa minyororo. Ilikuwa kiungo cha kumkolezea mchuzi mwenzake wa darasani.

Nitasimulia la kwangu, kwa sababu ndipo nilipoielewa tofauti hiyo. Siku za kamati tulikuwa watu saba katika chumba kisicho na dirisha, faili likiwa kwenye skrini kubwa ukutani, dakika nne kwa kila mtoto. Mimi nilisimamia waombaji wa Texas. Ikafika zamu ya mafaili mawili niliyoyaweka pamoja mwenyewe. La kwanza la kijana ambaye wazazi wake ni madaktari kutoka Kenya: shule binafsi ya gharama, alama safi, likizo ya kiangazi ameifanyia kazi katika maabara. La pili la binti mweusi wa hapa hapa Houston, ambaye ukoo wake umekuwa Texas tangu enzi za utumwa. Amelelewa na bibi, anafanya kazi jioni kwenye duka la vyakula, na katika fizikia alikuwa na alama ya wastani kwa sababu shule yake ilikaa nusu mwaka bila mwalimu wa somo hilo. Mwalimu wake wa hesabu alikuwa ameandika barua ya mistari sita tu. Barua za mistari sita zinatoka shule ambazo mshauri mmoja ana wanafunzi mia nne.

Kisanduku chao kilikuwa kimoja. Mwenyekiti akasema tukimchukua mmoja kati ya hawa tutakuwa tumefika. Hakusema tumefika wapi, na hakuna aliyemuuliza. Nilimtetea kijana. Faili lake lilikuwa rahisi kulitetea, na nikiri pia kwamba jina lake lilikuwa jina la kwetu. Nilikuwa mtu wa kwanza chumbani kulitamka sawasawa, na nikaona fahari. Akachukuliwa. Binti akaenda kwenye orodha ya kusubiri, na orodha hiyo haikusogea mwaka ule. Hakuna karatasi yoyote pale chuoni inayoonyesha kwamba wale wawili walishindanishwa.

Sikuwa peke yangu. Mwaka 2004 maprofesa wawili wa Harvard, Lani Guinier na Henry Louis Gates, walisema hadharani kwamba wengi wa wanafunzi weusi wa chuo chao, pengine hata theluthi mbili, walikuwa wahamiaji kutoka Karibiani na Afrika, au watoto wa wahamiaji, au wenye mzazi mmoja asiye mweusi. Utafiti uliochapishwa 2007 ulikuta kwamba wahamiaji na watoto wao walikuwa kama asilimia 13 ya vijana weusi wa umri wa kuingia chuo, lakini asilimia 27 ya wanafunzi weusi katika vyuo vinavyochagua sana, na asilimia 41 katika vyuo vya Ivy League, vile vinane vya kale na vya hadhi vya mashariki, Harvard kikiwamo. Ukishika sababu ya Johnson, tarakimu hizo ni kashfa. Ukishika ya Powell, hazina kasoro: mtoto wa madaktari wa Nairobi anaukoleza mchuzi vizuri tu. Wazazi wa Kiafrika hapa hawapendi kuambiwa hivi, na wana jibu lao, kwamba polisi akimsimamisha mtoto wao barabarani haulizi babu yake alizaliwa wapi. Jibu hilo ni la kweli pia.

Turudi kwenye hesabu. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa na waombaji wengi mno kuweza kulisoma kila faili kwa tuo, kikatengeneza jedwali la pointi. Jumla 150, na ukifika 100 umeingia. Mweusi, Mlatino au Mwindiani wa Marekani alipata pointi 20. SAT, mtihani wa kuombea vyuo, ukiupata wote, pointi 12. Mzazi akiwa amesoma Michigan, pointi 4. Kila mtu aliweza kuliona na kulibishia. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ililifuta jedwali hilo kwa majaji 6 dhidi ya 3. Siku hiyo hiyo, majaji 5 kwa 4, ikaipitisha shule ya sheria ya chuo hicho hicho, ambayo nayo ilitazama rangi ila haikuandika namba mahali. Jaji Sandra Day O'Connor akaongeza kwamba anatarajia baada ya miaka 25 jambo hili halitahitajika tena.

Yaani ukiandika 20, ni ubaguzi. Ukisema "tulimtazama mtoto mzima", ni halali.

Makerere walikwenda njia nyingine. Tangu 1990 kila msichana anayeomba pale alikuwa anaongezewa pointi 1.5, jambo linalojulikana na mzazi, mwalimu na kijana wa kiume aliyekosa kozi kwa pointi moja. Lililalamikiwa, na mojawapo ya malalamiko ni lile lile la kamati yangu: kwamba wanaofaidi zaidi ni mabinti wa shule nzuri za mjini. Ila angalau walikuwa wanabishana juu ya namba moja. Wazee wa Kilimanjaro wanaokumbuka mgawo wa nafasi za sekondari kwa mikoa nao waliujua uwanja wa vita vyao. Wakanung'unika, halafu wakajenga shule binafsi.

Harvard haikuwa na jedwali la Michigan, na ilichukua kesi kuifunua. Kundi liitwalo Students for Fair Admissions, lililoanzishwa na Edward Blum, lilishtaki Novemba 2014 kwa niaba ya waombaji wenye asili ya Asia. Kesi ikasikilizwa Boston Oktoba 2018, na kwa mtu wa kazi yangu ilikuwa kama kuona jiko la jirani likifunguliwa milango. Kila mwombaji alipewa alama kuanzia 1, iliyo ya juu kabisa, hadi 6, katika masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo, barua za shule, na kitu kilichoitwa alama ya nafsi: ujasiri, wema, kupendeka. Halafu alama ya jumla. Mwishoni, darasa likiwa limezidi, walitengeneza orodha ya kupunguza, na kwenye orodha hiyo kulibaki mambo manne tu mbele ya kila jina: kama mzazi alisoma Harvard, kama ni mwanamichezo aliyesakwa na makocha, kama anahitaji msaada wa ada, na rangi.

Kwenye alama ya nafsi ndipo palipouma. Waombaji wenye asili ya Asia waliongoza kwa masomo, lakini kwa wema na kupendeka wastani wao ulikuwa chini ya wengine, na aliyetoa alama hizo ni ofisa ambaye mara nyingi hajawahi kuwaona. Jaji Allison Burroughs alikiri tofauti hiyo ipo, ila hakuona ubaguzi wa makusudi. Mimi nilipoisoma sehemu ile nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nimewahi kuandika "mwenye bidii, hajatofautika" kwenye faili la mtoto wa Kivietinamu. Nimeliandika zaidi ya mara moja.

Walalamikaji walikuwa na tarakimu moja ambayo wanaotetea nyongeza, mimi nikiwamo, tunapaswa kuitazama bila kupepesa. Ukiwapanga waombaji wa Harvard katika mafungu kumi kwa masomo, Mmarekani mweusi wa fungu la nne kutoka chini alikuwa na nafasi ya asilimia 12.8 ya kuchukuliwa. Mwasia wa fungu la juu kabisa, asilimia 12.7. Hiyo si nyanya mbili za juu. Ni fungu la pili zima. Unaweza kulitetea, nami kwa binti yule wa Houston ningelitetea mpaka sauti ikauke, lakini ulitetee likiwa limewekwa mezani.

Kesi hiyo hiyo ilifichua nyongeza nyingine ambayo haina mnyororo wala deni. Wanamichezo waliosakwa, watoto wa waliosoma pale, watoto wa maprofesa na wafanyakazi, na wale wa orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambamo hukaa watoto wa wachangiaji wakubwa. Makundi hayo manne kwa pamoja hayafiki asilimia 5 ya waombaji, lakini ni karibu asilimia 30 ya wanaochukuliwa. Kati ya wazungu waliochukuliwa, asilimia 43 walitoka humo. Huko kwetu tungeliita kwa jina lake, undugunaizesheni, na mwenye gazeti angeuza nakala zote.

Na historia yake inachekesha kwa uchungu. Mwaka 1922 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, aliona Wayahudi wamezidi moja ya tano ya wanafunzi wapya, akapendekeza ukomo. Mgawo wa wazi ukakataliwa kwa aibu. Miaka michache baadaye chuo kikaanza kupima tabia ya mwombaji, kudai picha yake, kusaka vijana wa mikoa ya mbali, na idadi ya Wayahudi ikashuka bila mtu kutamka neno mgawo. Huko ndiko kulikozaliwa kumtazama mtoto mzima. Chombo kilichotengenezwa kumficha Myahudi asionekane kwenye hesabu ndicho kilichokuja kutumika kumwingiza mweusi, na ndicho kilichompunguzia Mwasia alama za kupendeka.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ilitoka tarehe 29 Juni 2023. Majaji 6 kwa 3 dhidi ya Chuo Kikuu cha North Carolina, nacho kilichoshtakiwa na kundi la Blum, na 6 kwa 2 dhidi ya Harvard, kwa kuwa Jaji Ketanji Brown Jackson alijitoa katika kesi hiyo. Aliwahi kuwa katika bodi ya chuo. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba kuondoa ubaguzi wa rangi ni kuuondoa wote. O'Connor alisema miaka 25, ilipita 20. Kuhusu watoto wa waliosoma pale hukumu haikuondoa kitu, maana kuwa mtoto wa mhitimu si rangi. Majimbo machache yameanza kulishughulikia yenyewe: California ilipitisha sheria Septemba 2024 inayovihusu hata vyuo binafsi.

California ndiko pa kutazama ukitaka kujua yanayofuata, kwa kuwa wao walitangulia. Wapiga kura walikataza nyongeza ya rangi katika vyuo vya umma Novemba 1996. Ilipoanza kufanya kazi 1998, idadi ya weusi na Walatino ilianguka Berkeley na UCLA, kampasi mbili za Chuo Kikuu cha California zinazogombewa zaidi. Mwaka 2006 UCLA ilipokea wanafunzi weusi 96 katika darasa la mwaka wa kwanza la karibu watu 5,000, jiji likiwa Los Angeles. Chuo kikuu hicho cha jimbo kikaieleza Mahakama ya Juu kwamba kimetumia zaidi ya nusu bilioni ya dola tangu 2004 kutafuta njia nyingine, na bado hakijafika. Hata hivyo, wananchi walipoulizwa tena 2020 kama marufuku iondolewe, karibu asilimia 57 walikataa, katika jimbo ambalo chama cha Republican kwa miaka mingi hakijashinda uchaguzi wa jimbo zima. Nyongeza ya rangi haikuwahi kupendwa sana kwenye sanduku la kura, na waliokuwa wakiiendesha walilijua hilo. Sehemu ya usiri ilitokana na hapo.

Baada ya hukumu, tarakimu za kundi la kwanza la wanafunzi waliodahiliwa zilikuja kwa mchanganyiko wa ajabu. Katika chuo cha MIT weusi walishuka kutoka kama asilimia 13 hadi 5. Amherst kutoka 11 hadi 3. Harvard kutoka 18 hadi 14. Yale walibaki 14, na ambao idadi yao ilipungua pale ni wenye asili ya Asia, kutoka 30 hadi 24. Watu waliokimbilia kutoa maelezo ya uhakika juu ya darasa moja walinichekesha. Ninachokiona ni kwamba vyuo viwili vyenye sheria moja vilifika mahali tofauti kabisa, na nje ya kuta zao hakuna anayeweza kueleza kwa nini. Agosti 2025 Rais Donald Trump aliagiza vyuo vikabidhi takwimu zaidi za waombaji na waliochukuliwa, kwa rangi. Sina imani na nia yake. Lakini kama vyuo vingeziweka hadharani vyenyewe miaka ishirini iliyopita, asingekuwa na cha kuagiza.

Hapa Texas tuna njia yetu, nayo ina tarakimu. Mahakama ya rufaa ilipopiga marufuku rangi 1996, bunge la jimbo mwaka uliofuata likapitisha kwamba aliye katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake, shule yoyote ile, anaingia chuo cha umma moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, kwa kuzidiwa, kimeshusha hadi 6, na kuanzia msimu wa 2026 ni 5. Sheria inafanya kazi kwa sababu ya aibu moja: shule za jimbo bado zimetengana kwa rangi na kipato, basi ukichukua walio juu wa kila shule unapata kila aina ya mtu. Siku shule zitakapochanganyika, itakufa. Lakini mzazi anaielewa kwa sentensi moja, na hakuna watu saba chumbani.

Msimu huu nina kijana wa Kikongo, wa Kivu Kusini, aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma na kufika Houston akiwa na miaka tisa. Ni wa tatu katika darasa la watu zaidi ya 600. Austin ameshaingia, hesabu imemaliza. Anataka pia kujaribu chuo kimoja binafsi cha mashariki, na huko kuna insha. Hukumu ya Roberts iliacha mlango huo: kisanduku hakihesabiwi tena, ila mwombaji anaweza kueleza jinsi rangi yake ilivyogusa maisha yake. Tangu hapo watoto wote wa weusi na wahamiaji wanaokuja kwangu wameshajifunza kwamba maumivu yao ndiyo yanayouzika, na baadhi yao wanayatafuta hata pasipokuwepo.

Huyu hana haja ya kutafuta. Ameandika juu ya paneli ya sola aliyokuwa nayo mjomba wake pale kambini, jinsi watu walivyopanga simu zao juu ya jamvi tangu alfajiri, na yeye, mtoto wa miaka saba, akiwa ndiye anayejua simu ipi ni ya nani. Ni insha nzuri. Baba yake ameisoma jana usiku mezani kwangu, taratibu, kidole kikifuata mistari, kijana akimtafsiria palipomshinda. Kisha akaisukuma kando.

"Madamu, ile mambo ya kambi aache. Aandike anajua hesabu."

Kijana akasema hesabu wameshaiona kwenye alama. Baba akasema basi waichukue hiyo hiyo, kwani wanamchukua mwanafunzi au wanachukua mkimbizi? Nikanyamaza, kwa sababu nimekaa kwenye chumba kile na najua jibu. Tarehe ya mwisho ni 1 Januari. Tumekubaliana warudi Jumamosi.